Maneno ya Mgogoni, Maneno ya Vitongoji

Mkiingiza faili la mtu mkaona visanduku vitupu mahali palipotakiwa herufi, msiipige kompyuta kofi. Haisaidii. Nimeipiga sana, najua.

Nasema na nyinyi mnaokaa sasa pale nilipokaa mimi, ghorofani Chake Chake, kwenye kile chumba chenye joto la tanuri. Jina langu Bi Mize. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa. Watu walileta maandishi waliyoyachapa kwao, nikayaingiza kwenye programu ya kupangia, nikayatia safu, picha na vichwa, kisha yakashuka chini mtamboni yakawe kitabu, kadi ya harusi au tangazo. Mtu wa nje hudhani kazi hii ni kupamba. Sivyo. Umri wangu umeishia mlangoni, pale faili linapotaka kuingia na programu inasema haliingii. Likishaingia salama, yaliyobaki ni mchezo.

Aliyenifundisha ni Fundi Hafidhi, mtu wa Tanga, aliyekuja na kompyuta ya kwanza ya tajiri wangu. Walisema alisafiri nayo melini ameipakata mapajani kama kuku wa mahari. Hakukaa sana kisiwani, lakini aliniachia neno moja nililolitumia mpaka nastaafu: "Mize, faili likikataa, nenda lilikozaliwa." Maana yake, usihangaike na kilichofika mezani kwako peke yake. Mtafute aliyeandika. Muulize aliandikia programu gani, kompyuta ya nani, alipotaka nafasi alibonyeza nini. Ugonjwa mwingi wa faili uko kwenye vidole vya mwenyewe.

Nikupeni mfano wa kuchekesha kwanza, maana huko mbele hakuna cha kucheka. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Wa chama hiki wakipanda ngazi zetu asubuhi, wa chama kile walipanda mchana, na tajiri wangu alitukataza kabisa kumwambia mtu nani katangulia. Siku moja likaja tangazo la mkutano, faili limechapwa kwenye kompyuta iliyodhani lugha zote duniani ni Kiingereza. Faili huja na lugha yake, jueni hilo. Lilipoingia, programu ikayakata maneno kwa kanuni za Kizungu, na neno MGOMBEA, lililokuwa kubwa kama mlango, likakatika katikati. Juu MGO, chini MBEA. Mwenye tangazo alipoona nakala ya majaribio alikaa kitako kwenye ngazi. "Bi Mize," aliniambia, "mimi mmbea?" Tangu siku hiyo, faili lolote likiingia, kitu cha kwanza nazima ukataji wa maneno.

Basi. Hicho ndicho kicheko.

Walikuja wazee wawili, na nyuma yao mwanamke ana kikapu. Mmoja ni Maalim Hilali wa Mgogoni, mwalimu mstaafu, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Siku hizo alikuwa na bustani ya mboga na ng'ombe mmoja. Wa pili ni Mzee Kombo wa Vitongoji, mtu wa pwani kwa baba na babu, aliyestaafu ofisi inayoshughulikia mambo ya uvuvi. Mwanamke ni Bi Zuwena, dada yake Maalim Hilali na mke wa Mzee Kombo. Wale wazee walikuwa mashemeji, na utani wao uliwatangulia ngazini.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mize mwanangu. Umwone shemeji yangu huyu," alisema Mzee Kombo, "akiingia maji ya magoti tu, hutoa shahada."

"Na yeye akishika jembe," akajibu Maalim, "huuliza usukani uko upande gani."

Walikuwa wanatunga kamusi ya maneno ya Kipemba. Maalim Hilali kakusanya ya nchi kavu: mpunga, karafuu, miti, mifugo, vyombo vya jikoni. Mzee Kombo kakusanya ya baharini: samaki, mitego, pepo za baharini, maji kujaa na kupwa. Bi Zuwena, mchora hina na piko maarufu kwa maharusi wa Chake nzima, alichora picha za vitu vyote, vya kaka yake na vya mumewe.

"Miaka yangu yote ya skuli," aliniambia Maalim Hilali, "mtoto akiandika neno la kwao nilimpiga mstari mwekundu. Sasa wale watoto ni watu wazima, hawayasemi tena. Nataka niyarudishe kabla sijafa."

Alisema kwa utulivu kama mtu anayetaja shughuli ya kesho. Mimi nikapokea disketi zao.

Hapo ndipo shida zangu zilipoanza, nazo zilikuwa shida nzuri, za kawaida. Maalim alichapia kompyuta aliyoletewa na jamaa zake wa Maskati, iliyopangiwa Kiarabu. Kila palipokuwa na ile alama ya juu katika ng'ombe au ng'ambo, kwangu iliingia kisanduku. Mzee Kombo alichapia mashine kuukuu, na vidole vyake vilizoea taipureta: kila mstari ukifika mwisho, anashuka kwa kitufe. Safu zake alizitengeneza kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka afike anapopataka. Kwenye kioo chake zilikaa sawa. Kwangu ziliyumba kama ngazi iliyovunjika.

Nikafanya kama Hafidhi alivyonifundisha. Nikaenda Mgogoni, nikakaa mbele ya kompyuta ya Maalim, nikahifadhi maandishi yake upya kama maandishi matupu, bila mapambo, kisha nikabadilisha ile alama kwa alama ya kawaida. Ya Mzee Kombo yalihitaji hila, nanyi ishikeni, bado inafaa: mishuko miwili iliyofuatana, ambayo ndiyo mwisho wa aya wa kweli, nikaibadilisha kuwa alama isiyotumika mahali popote. Kisha mishuko yote ya mmoja mmoja nikaigeuza kuwa nafasi. Kisha ile alama nikairudisha kuwa mshuko. Mkigeuza mishuko kwanza bila kuweka alama, aya zote zinaungana kuwa uji mmoja, na hakuna wa kuzitenganisha.

Kisha nikayachanganya maneno ya pande mbili kwa mpangilio wa herufi, na hapo tukakutana na ngama.

Kwa Maalim Hilali, ngama ni udongo mweupe wa kufinyangia. Kwa Mzee Kombo, ngama ni tumbo la chombo, kule chini maji yanakotuama. Neno moja, maana mbili, na mmoja lazima awe wa kwanza.

"Udongo," alisema Maalim. "Mtu kaumbwa kwa udongo."

"Nabii Nuhu kaokoka kwa udongo?" aliuliza Mzee Kombo.

Waliibishania ngama mpaka chai ya Bi Zuwena ikapoa, na visheti vyote nikala mimi. Hawakuamua. Walisema wataamua siku ya mwisho, kabla ya kwenda mtamboni. Walishuka ngazi wanacheka, na Bi Zuwena akanipungia mkono na kikapu kitupu.

Nyinyi mliozaliwa baadaye hamjui miaka ile ilikuwaje, na wanaojua hawapendi kusema. Katika vijiji vyetu duka lilikuwa na chama. Kisima kilikuwa na chama. Mtu alipita kwa jirani yake wa miaka yote bila salamu. Mzee Kombo alishika kadi ya upande ambao Mgogoni hawakuutaka. Kwa nini aliishika, sikumuuliza, na Maalim Hilali aliniambia naye hakumuuliza. "Kila mtu na kadi yake," alisema. "Sisi tuna kitabu."

Kisha akafariki mama yao, mama wa Maalim na Bi Zuwena, bibi mkongwe aliyetunzwa na hao wote. Mzee Kombo alikuwa kwake kama mtoto wa kumzaa. Mimi sikuwapo kwenye mazishi, sisi wanawake tulibaki ndani. Aliyenihadithia ni tajiri wangu, aliyekuwa katika wale wanaume. Jeneza lilipotoka, Mzee Kombo alisogea kuweka bega. Vijana wa pale wakaziba. Mmoja akamwambia, kwa adabu kabisa, "Tumetosha, mzee." Akasogea upande wa pili. Huko nako wakamwambia, "Tumetosha."

Maalim Hilali alikuwa mbele, ameshika mti wa jeneza. Aliona. Hakusema kitu.

Mzee Kombo alisimama mpaka watu wote wamempita. Hakufuata makaburini. Alirudi Vitongoji, na tangu hapo hakukanyaga Mgogoni.

Hayo ndiyo yaliyonikuta nikiwa na kitabu kilichokwama. Maana wakati huohuo nusu ya Mzee Kombo ilianza kunikatalia. Sehemu ya pepo na maji ilikuwa kwenye disketi ya pili, na kila nilipoiingiza, programu iliganda, kioo kikatulia kama macho ya samaki wa sokoni. Faili likigandisha programu, msilirudie zima kwa ukaidi. Likateni nusu. Ingizeni nusu ya kwanza. Ikipita, ugonjwa uko nusu ya pili. Ikateni hiyo nayo. Endeleeni kukata mpaka mfike kwenye aya yenyewe. Mimi nilikata hivyo mpaka nikaufikia ugonjwa, na kumbe haukuwa aya moja. Disketi ilikuwa imeharibika, na kurasa nzima za maneno ya maji na mitego zilikuwa takataka, alama zisizosomeka. Mzee Kombo alizichapa kutoka kichwani, hakuwa na karatasi.

Faili likikataa, nenda lilikozaliwa. Nikapanda gari, nikaenda Vitongoji.

Nilimkuta uani anawalisha bata. Bi Zuwena alinikaribisha, akaingia ndani, akaniacha naye. Nikamweleza ugonjwa wa disketi. Nikamwambia ninachotaka ni aje siku chache aniambie maneno yale upya, mimi nitachapa.

"Nitoe," alisema.

"Nikutoe wapi, mzee?"

"Humo. Toa maneno yangu yote. Bahari yangu nipe mwenyewe, nitajua pa kuipeleka. Yake mwachie, achape kitabu chake cha majembe."

"Mzee, yameshachanganywa kwa herufi, na picha zimeshakaa mahali pake. Nikiyatoa, kitabu kitakuwa mashimo matupu."

"Na kiwe."

Akawatupia bata chakula kilichobaki. Akasema pole pole, bila kunitazama:

"Mize, sikutaka apigane na watu. Sikutaka hata aseme neno refu. 'Mwacheni, ni mwenzetu.' Mtu anahitaji pumzi ngapi kusema hivyo? Aje aseme sasa. Aseme mbele ya walewale."

Nikaenda Mgogoni na maneno hayo. Maalim Hilali alinisikiliza akiwa amekaa barazani, miguu imevimba, ugonjwa umeshaanza kumwingia.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Kwamba niliogopa? Anajua kuwa niliogopa. Ndilo lililomuuma."

"Mwambie hivyohivyo, Maalim."

"Mbele ya watu? Wale vijana nina watoto ndani yao, Mize. Wakinigeuka na mimi, nani atanizika?" Kisha akasema lile neno ambalo kila mtu kisiwani alilisema miaka ile: "Tusubiri uchaguzi upite."

Uchaguzi ukapita. Mambo yakawa mabaya zaidi. Sitayaeleza, hayana faili.

Nilijaribu njia ya mwisho niliyoiona. Niliwaambia wote wawili kwamba nakala ya majaribio iko tayari kutazamwa kwenye kioo, waje wathibitishe. Maalim nilimwambia wazi kuwa shemeji yake atakuwapo. Mzee Kombo nilimwambia kupitia kwa Bi Zuwena, naye alijua Maalim atakuwapo. Alikubali kuja, hilo kumbukeni. Alikubali, akavaa kanzu na kofia, akapanda gari.

Maalim Hilali alifika mapema, akashikiliwa kupandishwa ngazi. Nikamkalisha mbele ya kompyuta. Alikuwa na kikohozi siku zile, kikavu, cha kifua. Nikasikia nyayo ngazini, nikasikia sauti ya Bi Zuwena inasema, "Taratibu." Maalim akakohoa. Nyayo zikasimama.

Mimi nilikuwa nimeshika kitasa. Nilisubiri. Nikasikia Bi Zuwena kwa sauti ya chini, "Kombo, umeshafika, bakisha ngazi chache." Sikusikia alichojibu. Nikasikia nyayo zinashuka.

Nilipofungua mlango alikuwa Bi Zuwena peke yake, ameegemea ukuta, buibui limemshuka kichwani na hajali. Hakuingia. Alimfuata mumewe.

Maalim Hilali alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti karibu na kioo. "Nionyeshe ya bahari," aliniambia. Nikamfungulia yale yaliyosalimika. Alisoma neno moja baada ya jingine, midomo inacheza kama anasoma uradi. Hakusahihisha hata nukta. Adhana ya adhuhuri ilipolia akanyanyuka, akasimama mlangoni.

"Ile ngama," alisema. "Ya chombo itangulie. Udongo uwe wa pili."

Nilibadilisha palepale, mwenyewe akiangalia.

Habari hiyo niliipeleka Vitongoji kwa furaha, wanangu, kama mtu aliyebeba zawadi. Nilidhani ndiyo dawa. Mzee Kombo aliisikiliza mpaka mwisho.

"Kaamua peke yake," alisema. "Kama siku ile ya jeneza."

Nikapanda gari, nikarudi Chake.

Baada ya hapo alikuja Bi Zuwena. Alipanda ngazi asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akafungua mkoba akatoa kalamu zake za kuchorea. "Mume wangu hatakuja," alisema. "Lakini nimekaa naye tangu nina meno yote. Kila kitu nilichomchorea alinitajia jina lake na kazi yake, mara mbili mara tatu, maana mimi ni mtu wa Mgogoni, nilikuwa sijui kitu. Andika."

Nikaandika. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Dema, ule mtego wa samaki, na vyumba vyake, na jina la kila kijiti ndani ya dema. Mwanamke yule alirudi siku baada ya siku. Kaka yake alikuwa hainuki tena kitandani, na alitaka ampelekee kitabu akishike japo kwa kukipapasa. Alitaja maneno kwa sauti ya mumewe kabisa, na pale mumewe alipozoea kucheka, yeye alicheka.

Mumewe alijua anakokwenda? Nilimuuliza. "Anajua," alisema. "Haulizi."

Picha nazo zilitutaabisha. Programu haizibebi picha tumboni mwake. Inakumbuka tu ziliko, na ukizihamisha, inakuonyesha mraba wa kijivu. Mkipeleka kazi mtamboni, pelekeni folda zima, maandishi, picha na fonti zake, kama mnavyohama nyumba na watoto. Nilizitafuta moja moja, nikaziunganisha tena na mahali pake.

Siku tuliyomaliza nililiingiza faili zima mara ya mwisho kwenye ukurasa mtupu. Liliingia. Maneno yalitiririka kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna kisanduku. Ng'amba na alama yake, ng'onda na alama yake, picha zote zimekaa. Katika miaka yangu yote sijapata kuona faili linaingia safi namna ile. Bi Zuwena alitazama, akasema, "Alhamdulillahi," akakusanya kalamu zake, akaenda kumwambia kaka yake.

Alimkuta ameshafunikwa.

Mzee Kombo hakwenda mazikoni. Wengine walisema alivaa, akakaa kwenye kiti mpaka jua likazama. Wengine walisema hakuvaa. Bi Zuwena alikwenda msibani, siku tatu zikaisha, na hakurudi Vitongoji. Hakuachwa, hakudai talaka, mumewe hakutuma mtu kumfuata. Alibaki Mgogoni nyumbani kwa marehemu, akimsaidia wifi yake mjane. Ndoa yao ikakaa hivyo, haikufungwa wala haikufunguliwa.

Nami nina kitabu kilichokamilika. Nikaenda kwa watoto wa Maalim. Mkubwa wao alinijibu kwa heshima, mlangoni, bila kunikaribisha: "Bi Mize, jina la baba yetu halitakaa jalada moja na jina la yule mtu." Nikamwambia baba yenu ndiye aliyeliweka. "Baba alikuwa mgonjwa," alisema.

Nikaenda kwa Mzee Kombo. "Sikutoa ruhusa," alisema. "Na maneno aliyokutajia mke wangu, sikumtuma." Tajiri wangu akasema bila ridhaa ya wenyewe hachapi, miaka ile kila karatasi ilikuwa na jicho linaloitazama. Nikahifadhi faili kwenye disketi, nikaziandika kwa wino mweusi, nikazifungia kabatini.

Miaka ikapita. Wakubwa wakapatana, watu wakaanza tena kuhudhuria maziko ya wenzao, taratibu, kama wagonjwa wanaojifunza kutembea. Siku moja mtoto yuleyule wa Maalim, mvi zimeshamwingia, alipanda ngazi mwenyewe. "Ule mradi wa baba," alisema. "Fanyeni mnavyoona. Hata huyo mzee sidhani kama atakataa."

Nikafungua kabati. Hewa ya kwetu mnaijua. Disketi zilikuwa na ukungu, mweupe kama unga wa muhogo. Nikazisafisha, nikatafuta mashine inayozisoma, maana zetu zilikuwa zimeshabadilishwa. Moja ilifunguka. Programu mpya ikaniambia faili ni la zamani mno, hailijui. Nikatafuta programu ya zamani, ikakataa kukaa kwenye kompyuta mpya. Nikalifungua kama maandishi matupu, nikalikata nusu, na nusu ya nusu, kama nilivyokufundisheni. Nilipata maneno yaliyotawanyika bila maana zake, na maana zisizo na maneno. Nilihangaika nalo mpaka macho yangu yakaanza kuona visanduku hata ukutani. Nikataka kwenda lilikozaliwa. Kompyuta ya Maalim ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu. Mwenyewe yuko kaburini. Basi nikastaafu, sikupata dawa.

Kwa hiyo nakuombeni: hifadhini kazi zenu zaidi ya mahali pamoja, na kila programu mpya ikija, zifungueni, mzihifadhi upya. Tena toeni nakala ya karatasi, hata kama mwenyewe kakataa kuchapa. Mimi sikutoa kwa sababu ya amri ya tajiri.

Kilichobaki kizima ni picha, kwa kuwa zilikuwa za karatasi. Nilizipeleka Mgogoni kwa Bi Zuwena. Alizitandaza mkekani, akazigawa mafungu mawili. Kinu, ungo, pakacha, jamvi la kuanikia karafuu, akaziweka mapajani. Fungu la pili akalitia kwenye bahasha.

"Hizi mpelekee mwenyewe," alisema.

"Twende pamoja, Bi Zuwena."

"Nenda, mwanangu."

Mzee Kombo alikuwa anaishi na mjukuu wake wa kike. Alinitambua, au alijifanya ananitambua. Alizipokea picha, akauliza, "Yeye hajambo?" Nikamwambia hajambo, anakusalimu, ingawa salamu hakunipa. Akaanza kuzitazama moja moja, na kila moja anaitaja. Dema. Pweza. Ng'amba. Sauti yake ilikuwa inapata nguvu, na mjukuu akasogea kusikiliza.

Akafika kwenye picha ya kijiti kilichochongwa ncha, kina tundu na kamba imepita. Akaitazama. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia.

"Hiki," alisema. "Hiki nilikuwa nacho. Kinaitwaje hiki?"

Mimi nilikuwa nimelichapa jina lake kwa mikono yangu, na nilikuwa nimelisahau. Nilitafuta kichwani kote. Mjukuu alisema ni msumari.

"Siyo msumari," alisema Mzee Kombo. Kidole chake kilikuwa kinaifuata ile kamba. "Zuwena analijua neno lake."

"Nikamuulize, mzee? Nitakwenda hata kesho."

Nikangoja, kama ule wakati nimeshika kitasa cha mlango.

"Usimsumbue," alisema, na akailaza picha kifudifudi.